Sahani ya Pili

Thunder Bay, Ontario
24 Juni 1991

Dada Vieno,

Kabla sijakuuliza mgongo unaendeleaje na kama paka amerudi, acha niseme kwanza: nimeolewa! Naandika kana kwamba hujui, kumbe kadi uliipata na hukuja. Sikulaumu. Mama alifariki Machi, lakini tumemzika Mei hii tu, ardhi iliyoganda ilipoyeyuka, na wewe bado hutaki kelele za watu. Lakini jina langu sasa ni Aili Pelkie. Nimeliandika mara ishirini nyuma ya bahasha ili mkono uzoee.

Dada, sijui nianzie wapi. Garnet ana nyusi iliyopasuliwa na waya wa gitaa uliokatika, na akicheka huziba mdomo kama mtoto aliyelamba sukari. Asubuhi huamka kabla yangu, akaenda kuninunulia andazi la Persian, lile lenye sukari ya waridi juu yake, akalirudisha ndani ya koti ili lisipoe. Lisipoe! Andazi ambalo huliwa baridi! Nimemwacha hivyo hivyo. Simwambii hata siku moja.

Siku ya Pasaka uliniuliza kwenye simu, kwa sauti ile yako, "Na huyo anafanya kazi gani?" Nikalia badala ya kujibu, ndiyo maana naandika. Anaimba, dada. Bendi yao inaitwa Ghala la Tano, kwa sababu walianzia kwenye kibanda nyuma ya ghala la nafaka alikofanya kazi baba yake. Wapo watatu: Garnet na gitaa, Leith Mackie na besi, Dorian Sawchuk na ngoma. Miaka saba sasa. Walirekodi kaseti wenyewe, wakaziuza nyuma ya gari. Walikwenda Winnipeg wakapiga mbele ya watu tisa, na wanne kati yao walikuwa wahudumu wa baa. Walikwenda Toronto mwezi wa Januari katika gari lisilo na joto, Sawchuk amevaa soksi mikononi. Muziki wao wanauita roki mbadala. Nilimuuliza Garnet, mbadala wa nini? Akasema, "Wa kupata kazi."

Sasa kuna kampuni ya Toronto imewachukua! Mwezi ujao wanarekodi albamu Minneapolis, kwa fundi mmoja wa sauti ambaye Garnet anamtaja kama watu wanavyomtaja mchungaji.

Na sasa zawadi yangu ya harusi. Mei, niliporudi kutoka mazishini, nilimweleza Garnet jinsi mama alivyokuwa akiandaa meza. Sahani mbili za bluu, yake na ya baba, miaka kumi na tisa, na sisi tukila kwenye mabakuli yetu. Alichukua gitaa pale pale jikoni. Nilikuwa nasema, yeye anapiga, nikikwama ananingoja. Hadi chai ilipopoa wimbo ulikuwa umekwisha. Unaitwa "Sahani ya Pili". Siku ya harusi akanipa karatasi ya kusajili wimbo badala ya maua. Penye muziki: Garnet Pelkie na Aili Pelkie. Penye maneno: Garnet Pelkie na Aili Pelkie. Mchungaji alidhani nalia kwa sababu ya Zaburi.

Niandikie, hata kwa kunigombeza.

Mdogo wako anayekupenda,
Aili

*

Duluth, Minnesota
9 Julai 1991

Mdogo wangu Aili,

Mgongo upo, paka hayupo. Kazini, chumba cha kufulia nguo cha hospitali kimepata mashine mpya inayotikisika hadi meno yangu yanagongana, kwa hiyo na mimi sasa napiga ngoma, mwambie shemeji.

Hongera. Naandika neno hilo kwa moyo, usije ukalisoma kwa ile sauti yangu. Nimekutumia mashuka mawili. Moja lina kiraka, lakini kiraka kizuri.

Kuhusu wimbo. Kwa hiyo sahani ya mama sasa ina gitaa. Huyo Garnet amemwimba baba vipi? Maana hapa mtaani kila mwenye baba aliyekuwa baharia wa Ziwa hudhani alizama. Baba hakuzama, Aili. Baba alishuka melini bandari ya Toledo akaoa mwanamke mwenye duka la viatu. Ulikuwa na miaka mitano, labda umesahau.

Sahani bado ipo. Naiweka mezani jioni pamoja na ile nyingine, halafu naziosha zote mbili. Usiniulize kwa nini. Hakuna aliyeniambia niache.

Dada yako,
Vieno

*

Thunder Bay
2 Oktoba 1991

Dada mpendwa,

Mashuka yamefika na kiraka nakilalia mimi. Wewe je, baridi imeanza kukuuma? Huku tayari asubuhi kioo cha gari hukwanguliwa barafu.

Dada, tuko redioni! Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia hapa mtaani, nakunja soksi za Garnet, nikasikia sauti yake ikitoka juu ya mashine. Nilipiga kelele. Mama mmoja wa Kifini akauliza, "Umeungua?" Nikamwambia, "Huyo ni mume wangu! Na maneno yale ni yangu!" Akasikiliza hadi mwisho, amekumbatia taulo zake, kisha akasema, "Mume wangu naye alikuwa baharia." Akanisaidia kukunja hadi soksi zikaisha.

Kampuni ilituma kaseti za mwanzo kwenye vituo, na vituo vya Winnipeg, Halifax na Toronto vinaupiga wimbo wetu kila siku. Diski zenyewe zinatoka Novemba. Wataondoka kwa ziara ya miji ishirini na mitatu, na meneja wao, Maureen Tibbets, mwanamke mfupi anayevuta sigara kama anaidai, amesema naweza kwenda nao niuze fulana. Fungate ya miji ishirini na mitatu! Nani mwingine amewahi kuipata?

Kuhusu baba: ndiyo, Garnet amemzamisha. Nilimwambia ukweli wa Toledo. Akasema, "Mpenzi, Toledo haiimbiki." Usikasirike. Watu wanamlilia, dada. Wanamlilia mama kupitia kwake.

Nimeweka kaseti humu. Isikilize ukiwa umekaa.

Mdogo wako,
Aili

*

Duluth
21 Oktoba 1991

Aili,

Afya siijui, sijaiuliza. Kaseti niliisikiliza nikiwa nimesimama, kwa ubishi. Nikaizima. Nikaenda kumenya viazi. Nikarudi nikaiwasha tena, na viazi vikaungua.

Shemeji ana sauti ya mtu aliyelala na viatu. Lakini pale anaposema mvuke wa supu umepanda kutoka sahani isiyo na mtu, pale ni wewe. Nimekujua.

Vaa soksi mbili mbili huko nyikani.

Dada yako,
Vieno

*

Regina, Saskatchewan
8 Desemba 1991

Dada,

Nakuandikia kwenye meza ya hoteli yenye mguu mmoja mfupi, kwa hiyo mwandiko usiulaumu. Natumaini u mzima. Sisi miili ni mizima.

Wimbo umenyamaza. Tulivuka Manitoba nzima Sawchuk akizungusha redio kutoka kituo hadi kituo, hatukuusikia hata mara moja. Tukadhani ni milima inayozuia mawimbi. Manitoba, dada, hakuna milima! Jana Maureen alipiga simu hotelini, na Garnet aliposhika simu niliona mgongo wake ukinywea.

Nikueleze kama nilivyoelezwa. Sheria ya huku inataka redio zipige nyimbo za Wakanada, tatu katika kila kumi. Ndiyo inayowapa nafasi bendi kama yetu. Bila hiyo wangepiga za huko kwetu Marekani tangu asubuhi hadi jioni. Kila diski inachapwa duara dogo lililokatwa vipande vinne. Muziki katunga nani. Anaimba nani. Imerekodiwa wapi. Maneno kaandika nani. Kipande cha Kanada kinapakwa weusi, na viwili vikiwa vyeusi wimbo unahesabiwa. Kurekodi Minneapolis kulipoteza kimoja, nao walijua, hawakujali. Walikuwa na vitatu mkononi.

Lakini mgeni akiwa ndani ya kipande, hata kwa nusu, kipande chote kinabaki cheupe. Na mimi ni Mmarekani, dada. Jina langu lipo penye muziki na lipo penye maneno. Nyimbo nyingine tisa za albamu ni za Kanada. Huu mmoja, ambao watu wanautaka, una robo moja nyeusi. Kaseti za mwanzo hazikuwa na duara. Diski zilipofika, vituo vikaangalia, vikauweka kando.

Kwenye gari hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Sawchuk alitazama duara, akasema, "Garnet, wenzako hununua pete."

Garnet akamwambia, "Funga mdomo, Dorian."

"Nimefunga. Nauliza tu. Hata cherehani, kaka. Hata cherehani ingetosha."

Leith akacheka, halafu akaacha, halafu akawa anatazama dirishani hadi Regina.

Nilimwambia Garnet afute jina langu. Akanishika uso kwa mikono miwili, mbele yao wote, akasema, "Nilikupa mbele ya madhabahu. Sikunyang'anyi." Nilimpenda hadi nikaishiwa pumzi. Kisha nikaona jinsi Leith alivyofumba macho.

Mdogo wako,
Aili

*

Thunder Bay
19 Januari 1992

Dada Vieno,

Hukujibu barua ya Regina. Nadhani mgongo, au Krismasi, au mimi. Tumerudi. Miji sita ya mwisho ilifutwa.

Nitasema haraka kabla sijaogopa. Jina langu sasa haliwezi kufutwa. Limesajiliwa, na Maureen anasema tukidai leo kwamba sikuandika chochote tutaonekana matapeli. Garnet naye hataki. Lakini kuna mlango mwingine. Mgeni aliyeishi Kanada miezi sita mfululizo kabla ya kutunga anahesabiwa kama Mkanada. Mimi nilihamia huku Novemba 1990. Wimbo tuliutunga Mei. Hiyo ni miezi sita na siku nne.

Ila Januari hadi Machi nilikuwa Duluth, kwa mama.

Wakili wa kampuni anasema hakuna aliyeandika popote kwamba nilivuka mpaka. Askari wa mpakani walinitazama tu wakanipungia mkono nipite. Anachotaka ni hati ya kiapo kutoka kwa mtu wa nyumbani, kwamba nilikuwa nimeshahama na sikurudi majira yale ya baridi. Mtu wa nyumbani ni wewe. Hakuna mwingine.

Mistari mitatu tu, dada. Kampuni imewapa hadi mwisho wa Aprili. Wimbo usiporudi redioni wanavunja mkataba, na Garnet ana miaka thelathini na moja. Anajifanya hajali. Juzi nilimkuta amekaa kwenye gari la bendi, limezimwa, barafu imejaa kwenye vioo, anapinda waya mmoja wa gitaa huku na huku hadi ukakatika.

Nisaidie nimfurahishe tena. Sijamaliza hata mwaka mmoja wa ndoa.

Mdogo wako,
Aili

*

Duluth
3 Februari 1992

Aili,

Sikuulizi hali. Mimi ni mzima.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Niliipeleka kazini, nikairudisha. Sasa nisikilize.

Tarehe kumi na tano Machi, saa nne asubuhi, mama alikufa. Mimi nilikuwa zamu, mikono imo kwenye mashuka ya watu wengine. Msimamizi alikuja kuniita, na njia nzima kwenye basi nilikuwa nasema neno moja: Aili yupo. Aili yupo. Nilifika nikakuta umemfunga kitambaa kidevuni na umefungua dirisha, kama bibi alivyotufundisha. Tangu siku ile, kila nikikumbuka kwamba sikuwepo, najiambia hilo hilo. Mwenzangu alikuwepo. Hakufa peke yake.

Sasa unataka nisimame mbele ya mtu mwenye muhuri, niape kwamba hukuwepo. Basi alikuwa na nani? Jaza hapo, wewe mwandishi wa nyimbo. Mimi zamu, baba Toledo, wewe Kanada. Mama alikufa na paka?

Mumeo alimzamisha baba ili wimbo uimbike. Nikanyamaza. Sasa mama naye afe peke yake ili upigwe redioni?

Sitaandika.

Vieno

*

Sudbury, Ontario
22 Februari 1992

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kama hutaki kuifungua, sawa, ila usiitupe.

Una haki. Nilipoomba nilikuwa namwona Garnet tu. Ukipenda hivi unakuwa kama farasi mwenye ngozi pembeni mwa macho.

Jana walipiga hapa mbele ya watu kumi na mmoja. Kijana mmoja aliomba "Sahani ya Pili". Garnet alisema, "Huo si wetu, ni wa Wamarekani," na watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakuziba mdomo. Leith ameshatuambia kwamba Machi anaanza kazi kwa shemeji yake, kuuza madirisha.

Usiku wa kurudi hotelini Garnet alisema, "Dada yako ni mistari mitatu ya wino." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma bei kwenye kopo. Nikamwambia, "Ni dada yangu." Akasema, "Najua, mpenzi. Mimi nilitoa nusu nzima ya wimbo. Yeye ametoa nini?"

Sikukuandikia nikuombe tena. Nimekuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mdogo wako

*

Duluth
15 Machi 1992

Mdogo wangu,

Leo ni mwaka mmoja. Theluji bado iko juu ya kaburi, nilikwenda na ufagio.

Humu ndani kuna hati. Nimeapa. Nilikwenda kwa wakili wa juu ya duka la samaki, na kwa kuwa hakuwa na Biblia nilibeba ya mama. Inasema: Mimi, Vieno Niemelä, naapa kwamba mdogo wangu Aili aliondoka nyumbani Novemba 1990, na hakuwepo Duluth Januari, Februari wala Machi 1991. Yule wakili alisoma, akaniuliza kama ni kweli tupu. Nikasema ndiyo. Sijawahi kuapa uongo maishani, na unajua nini? Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi.

Barua yako ya Sudbury hukutia jina lako mwishoni. Uliandika "mdogo wako", basi, ukaacha. Nilishindwa kulala na hiyo nafasi tupu.

Mama hana cha kupoteza tena, wewe unacho. Mpe mumeo wimbo wake.

Usinishukuru. Na tafadhali tusiongee tena habari za asubuhi ile. Mtu ambaye hakuwepo hana la kukumbuka.

Dada yako,
Vieno

*

Thunder Bay
4 Mei 1992

Dada Vieno,

Mgongo wako, paka, mashine inayotikisika: nauliza vyote kwa pamoja, unijibu kwa pamoja. Nimechelewa wiki saba. Nilianza barua hii mara nyingi.

Hati yako ndiyo hii, nimeirudisha. Hakuna aliyeiona ila mimi. Ilikuja Garnet akiwa nje anasukuma gari lililokwama, nikaisoma jikoni, kwenye meza ile tuliyotungia wimbo. Nikaiweka chini ya mashuka yako, kwenye lile la kiraka. Kila siku nilisema kesho nitampa. Aprili ikaisha.

Alipouliza, nilimwambia umekataa.

Nisamehe. Nimekufanya wewe ndiye mbaya. Hakupiga kelele. Aliosha kikombe chake muda mrefu sana, akasema, "Dada yako ana moyo kama barafu ya Ziwa." Nami nikasimama pale na kitambaa cha vyombo, nikakikausha kile kikombe. Nilimwapia mbele ya madhabahu kwamba sitamficha kitu, na mwaka haujaisha.

Ghala la Tano halipo tena. Kampuni ilituma barua ya mistari minne. Onyesho la mwisho lilikuwa kwenye ukumbi wa Wafini, walikuja watu wengi, wengi wao ndugu. Sawchuk anahamia Calgary. Nilimsaidia kubeba ngoma, nikamwambia, "Ni kosa langu." Akasema, "Hapana, shemeji. Ni kosa la mapenzi. Lingekuwa la pombe tungejua la kufanya." Akanipa kijiti kimoja, kingine akabaki nacho.

Meli zimeanza kuja, na Garnet ameandikwa kazi kwenye maghala, pale pale alipokuwa baba yake. Anarudi na vumbi la ngano kwenye nyusi, hata ile iliyopasuka. Gitaa liko chini ya kitanda. Ni mwema kwangu, dada, usidhani vingine. Jumamosi bado ananiletea andazi la Persian. Ila siku hizi linakuja kwenye karatasi yake, baridi, kama inavyotakiwa.

Sasa nikwambie kwa nini sikuitoa hati.

Kuna jambo sikumwambia Garnet siku tuliyotunga wimbo, wala wewe sikukwambia ulipofika na koti lako la kazini. Niliona litakuumiza, kwa kuwa tangu mama augue wewe ndiye uliyekuwa ukiziweka sahani zote mbili. Asubuhi ile mama aliamka na akili zake zote. Alitazama mezani kupitia mlangoni, akasema, "Aili, ondoa ile sahani ya pili." Nikasema, "Ya baba, mama?" Akasema, "Nimechoka kuiosha." Basi. Akageukia ukutani, na baada ya muda kidogo nikasikia ameacha kupumua.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, Vieno. Hayamo kwenye wimbo. Niliyasikia mimi peke yangu. Hati yako ikifika Toronto, basi hakuna aliyeyasikia, na mama hakuyasema, na bado anamngoja yule mtu wa Toledo mpaka leo, redioni, kila siku, kwa sauti ya mume wangu.

Nilikuwepo, dada. Nilikuwepo.

Mdogo wako,
Aili

*

Duluth
11 Mei 1992

Mdogo wangu Aili,

Mgongo upo. Paka amerudi, mwembamba, ana sikio moja na nusu, hasemi alikokuwa.

Hati nimeitia kwenye jiko la sauna na maji nikamwaga juu ya mawe. Shemeji na anichukie. Mtu akikuchukia kutoka ng'ambo ya mpaka hakunyimi usingizi. Siku akitaka kujua ukweli, wewe ndiye utaamua, si mimi. Ila usimzeeshe na siri hiyo. Siri ni kama shuka bichi, ukilikunja linaota ukungu.

Barua yako niliisoma jioni, meza ikiwa imeshaandaliwa. Halafu nikainuka nikaichukua ile sahani, nikaiosha ingawa ilikuwa safi, nikaikausha, nikaifunga kwenye gazeti na kuipandisha darini.

Nilirudi nikala. Mezani kumebaki sahani moja, na meza inaonekana kubwa mno. Nikalia, Aili, mimi ambaye sikulia hata Mei ile. Kisha nikacheka, kwa sababu nilimsikia kabisa akisema: nimechoka kuiosha.

Njoo ukiweza, pamoja naye au peke yako. Bakuli lako lipo.

Dada yako,
Vieno